Sanamu Kubwa za Nje kwa Makanisa ya Tanga: Saruji, Faiba, Jiwe na Mbao

Kamati ya ujenzi ikija karakana kuagiza sanamu ya Kristo Mfalme au Bikira Maria ya kusimama nje, mazungumzo huanzia usoni: atafanana na wa kwenye picha? Kwa Tanga hilo si la kuhangaikia sana. Mafundi wanaojua kutengeneza uso, vidole na mikunjo ya kanzu tunao. Kinachoziangusha sanamu za huku pwani hakionekani siku ya kubarikiwa, kwa sababu kimo ndani: nondo iliyokaa karibu mno na ngozi, mchanga wenye chumvi, tumbo lisilo na tundu la kutolea maji. Baada ya masika kadhaa mkono unapasuka kwa urefu, mstari wa kahawia unashuka kifuani, na parokia inaanza mchango mwingine.

Hapa tunapima aina 4 zinazoweza kupatikana kwa kigezo hicho: itadumu vipi ikitazamana na bahari, na nini kitaiharibu kwanza. Mfano wetu ni sanamu ya mita 3.5 iliyonyoosha mikono, imesimama juu ya jukwaa la zege la mita 1.5. Ni kimo kinachotosha uwanja wa parokia: mtu aliye umbali wa mita 100 bado anaona uso umeelekea wapi na mikono imekaaje. Bei hatuziandiki kwa sababu saruji na nondo hazikai na bei moja. Tunaandika vipimo na idadi, ili kamati ikiletewa hesabu na fundi iweze kuikagua mstari kwa mstari.

Saruji ya wavu

Hii ndiyo kazi ya kawaida ya karakana zetu. Fundi husimamisha kiunzi cha nondo, akakivika nyavu za waya, kisha akakandika saruji na mchanga kwa mkono hadi umbo litoke. Ndani hubaki uwazi, isipokuwa nguzo ya katikati. Ikitengenezwa sawasawa, sanamu ya kimo hicho huwa na uzito wa tani 1.5 hivi. Ingekuwa zege lililojaa ndani, ingezidi tani 2 na kazi ya uso ingekuwa ngumu maradufu.

Nguzo ya katikati inataka nondo 4 za milimita 16. Nondo ya dukani ina mita 12, kwa hiyo 2 zinatosha, kila moja ikikatwa katikati. Hizo mita 6 zianzie kwenye msingi zikiwa zimekunjwa miguu, zipite ndani ya jukwaa, ziishie shingoni bila kiungo chochote njiani. Fundi akikuambia ataunga kwenye kifundo cha mguu kwa sababu amebakiwa na vipande, mkatalie. Hapo ndipo upepo unapoikunja sanamu kwa nguvu zaidi. Ringi, yaani pete za kuzishika nondo pamoja, ziwe za milimita 8 na zifungwe kila baada ya sentimita 15. Zitafika kama 37, na nondo 3 zinatosha kuzikunja.

Mikono inataka nondo 1 ya milimita 12, ikatwe vipande 4 vya mita 3. Kila kipande kipite mabegani kutoka kiganja hadi kiganja, 2 juu na 2 chini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mkono ulionyooshwa unataka kuinama kwa uzito wake wenyewe, kwa hiyo upande wake wa juu ndio unaovutwa, na saruji haijui kuvutwa. Nondo zikikusanywa zote katikati ya mkono, au za juu zikazama wakati wa kukandika, ufa wa kwanza utatokea juu ya bega, mahali pale pale ambapo maji ya mvua hutuama. Maji yakishaingia, chuma kinaanza kuliwa. Zifungwe kwa waya kwenye ringi za mkono, zikae sentimita 3 kutoka ngozi ya juu, na fundi azipime kwa rula kabla wavu haujafunika.

Umbo lenyewe huchorwa kwa nondo za milimita 6, kama mita 130 kwa mwili mzima, zikipishana kila sentimita 15. Juu yake wavu mdogo wa waya uliopakwa zinki, tabaka 2 kwa ndani na 2 kwa nje. Kwa mwili wenye eneo la mita za mraba 10 hivi, nunua wavu wa mita za mraba 45 hadi 50, maana mapishano hula sehemu yake. Wavu mweusi usio na zinki ni wa bei rahisi zaidi, na ndio unaokuja kujichora juu ya rangi kama gridi ya kahawia. Hakuna tiba ya sanamu iliyofika hapo zaidi ya kuivua ngozi nzima.

Mchanganyo ni mfuko 1 wa saruji wa kilo 50 kwa ndoo 3 za lita 20 za mchanga mkavu. Maji ni lita 20, yasizidi 22. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza. Kanuni hii huvunjwa saa 6 mchana, jua likiwa kali na udongo umeanza kukaza kwenye karai: kijana wa kuchanganya anaongeza kopo la maji ili ulainike. Maji hayo baadaye hukauka na kuacha vinyweleo, na vinyweleo ndivyo njia ya chumvi. Changanyeni nusu mfuko kwa mara moja na uishe ndani ya saa 1. Uliokaza utupwe, usirudishiwe maji.

Mchanga uwe wa mto au wa machimbo ya bara. Wa ufukweni una chumvi hata ukiwa mweupe na msafi wa kuvutia. Njia ya kupima tope ni rahisi: tia mchanga kwenye chupa ya kioo hadi sentimita 10, ongeza maji na kijiko cha chumvi ya jikoni, tikisa, acha saa 3. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka. Likizidi milimita 8, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Maji nayo yaonjwe. Kisima chenye ladha ya chumvi hakifai kuchanganyia wala kumwagilia, na visima vya namna hiyo huku kwetu si vichache.

Kukandika kwenyewe: tabaka la kwanza lisukumwe kwa kiganja mpaka lionekane limetokeza upande wa ndani wa wavu. Asiyefanya hivyo huacha mifuko ya hewa nyuma ya waya, na baada ya mwaka ukigonga kwa sarafu unasikia mlio wa utupu. Unene wote uwe sentimita 4. Kisha kumwagilia, siku 14 kamili. Tanga ina bahati ya mkonge: magunia ya katani yakifungwa mwilini na kuloweshwa asubuhi, mchana na jioni hushika maji vizuri kuliko nailoni inayopeperushwa na upepo. Fundi anayemwagilia kwa mpira mara moja jioni hajamwagilia. Upepo wa baharini unakausha ngozi ndani ya saa chache, na nyufa nyembamba kama nywele huanza siku ya pili.

Msingi wa mita 1.8 kwa 1.8, unene wa sentimita 40, na jukwaa la mita 1 kwa 1 kwa 1.5, vinataka zege la mita za ujazo 2.8 hivi. Kwa uwiano wa saruji 1, mchanga 1.5, kokoto 3, hiyo ni mifuko 23, mchanga mita za ujazo 1.2 na kokoto 2.4. Ukijumlisha saruji ya mwili, nguzo ya ndani na umaliziaji, hesabu nzima inafika kama mifuko 34. Ukiletewa hesabu ya mifuko 20 kwa sanamu ya vipimo hivi, uliza ni wapi palipopunguzwa. Nondo za msingi zikalie biskuti za zege za sentimita 5, si vipande vya tofali wala mawe. Tofali hunyonya maji ya ardhini na kuyapeleka moja kwa moja kwenye chuma.

Mwisho, matundu. Mawili ya milimita 20 miguuni kwa nyuma, na moja la kupumulia kisogoni chini ya nywele, yote yafungwe kwa wavu mdogo. Bila matundu, mvuke wa ndani hauna pa kutokea. Bila wavu, nyuki watahamia, na kuwatoa nyuki kwenye kifua cha Bikira Maria wiki ya sherehe ya somo wa parokia ni adha kubwa.

Kwa maeneo ya ndani ya mji, Pongwe, Muheza na kuendelea bara, tunaipa 4 kati ya 5. Kwa Raskazone na popote bahari inapoonekana kutoka mlangoni, 2 kati ya 5. Udhaifu wake hauondoki hata kwa fundi bora: wavu uko milimita chache tu chini ya ngozi, na kwa Tanga kusi na kaskazi zote mbili huleta chumvi ya baharini. Kutu ikianza hushika nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, ndiyo maana inapasua saruji kutoka ndani.

Faiba

Faiba ni mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa rezini, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Sanamu yake ya kimo hicho hicho ina uzito wa kilo 150 hivi pamoja na kiunzi chake. Inakuja kwa gari ikiwa vipande viwili au vitatu, inaungwa palepale, na ngozi yake haijali chumvi hata kidogo. Kwa ufukweni ndiyo chaguo letu, na tunaipa 4.

Lakini ngozi ni nusu tu ya habari. Uliza kiunzi cha ndani. Bomba jeusi lililopakwa rangi litaoza kama nondo tu, tofauti ni kwamba hutaliona, mpaka siku maji ya kahawia yatakapochuruzika kwenye maungio ya kiuno. Dai bomba lililochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa, si kabla, kwa sababu moto wa kuchomelea huunguza zinki na kuacha viungo vitupu. Boliti za miguuni ziwe 4, za milimita 16 au zaidi, za chuma kisichoshika kutu, na zizamishwe kwenye zege la jukwaa kabla halijakauka. Wepesi wa faiba ni hatari yake: upepo wa mita 30 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 55 hivi. Sanamu ya saruji inasaidiwa na uzito wake, ya faiba inashikiliwa na boliti tu.

Ngozi iwe na unene wa milimita 5 hadi 6 na mbavu za kuikaza mgongoni na mikononi. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba ukilowa rezini unatoa kama milimita 1, kwa hiyo hesabu tabaka 5 au 6. Waulize wameweka hadina, dawa ya kugandisha rezini, kiasi gani. Kwa joto la Tanga, mililita 10 kwa kilo ya rezini zinatosha. Anayeweka 20 ili amalize haraka hupata ngozi iliyopata moto kupita kiasi na kuwa kavu kama kigae, ikidondokewa na nazi inavunjika. Kazi ya faiba isifanywe siku za mvua za masika, maana unyevu huzuia tabaka kukauka sawasawa na uso hubaki unanata.

Jua ndilo adui wake. Pitisha kiganja begani baada ya miaka michache: ukitoka na unga mweupe, tabaka la nje limekufa na linataka kupigwa msasa na kupakwa upya kabla nyuzi hazijachomoza. Na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: faiba inaungua. Waamini huwasha mishumaa miguuni pa Mama, na hawatazuilika, wala wasizuiliwe. Jengeni meza ya mishumaa ya matofali umbali wa mita 2 au zaidi, upande ambao upepo unaelekea mbali na sanamu.

Jiwe, na mbao

Jiwe la matumbawe lina sifa moja kubwa: halina chuma ndani. Nendeni Tongoni, kusini mwa mji, mkatazame makaburi ya mawe na chokaa yaliyojengwa karne nyingi kabla ya nondo kufika pwani hii. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini hakuna iliyopasuliwa na kutu. Kwa groto, yaani pango la Bikira Maria, na kwa jukwaa, jiwe ni 5 kati ya 5, likijengwa kwa udongo wenye chokaa, si saruji kali iliyo ngumu kuliko jiwe lenyewe. Kwa sanamu yenyewe linafaa tu kama mikono imekunjwa kifuani, maana jiwe halivumilii kuvutwa na mkono ulionyooshwa utakatika.

Mbao ni za ndani. Mtiki wa Longuza kule Muheza, mvule na mninga huchongwa vizuri mno, na kwa altare hatuoni kinachoushinda mninga uliokaushwa. Nje, juani na mvuani, gogo hupasuka hata likiwa limepakwa vanishi, na mchwa wa Tanga hawana subira.

Wanaotaka ya kuutazama mji mzima

Kila baada ya muda kamati moja huja na picha ya Kristo Mkombozi wa Rio de Janeiro na kuuliza kama inawezekana hapa. Jibu linaanza na hesabu. Sanamu ikiongezwa kimo mara 2, uzito unaongezeka mara 8, si mara 2. Mzigo unaoukunja mkono begani unaongezeka mara 16, kwa sababu mkono umekuwa mzito mara 8 na mrefu mara 2. Kwa hiyo sanamu ya mita 7 haijengwi kwa kuzidisha orodha ya juu. Inataka mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kipimo cha udongo, na kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kwa minara mirefu jirani na uwanja wa ndege, Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo ina neno lake.

Ile ya Rio ina kimo cha mita 30, imesimama juu ya jukwaa la mita 8, na mikono yake imetanda mita 28 kutoka ncha hadi ncha. Iko kileleni mwa Corcovado, kama mita 700 juu ya bahari, na ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Mhandisi alikuwa Mbrazili Heitor da Silva Costa, mchongaji Paul Landowski wa Ufaransa, na hesabu za kiunzi zilisaidiwa na Albert Caquot, mhandisi wa zege. Mwili ni zege lenye nondo, na ndani mna ngazi za kupandia kwa ajili ya matengenezo. Tunataka kila kamati iangalie ngozi yake. Hawakuipaka rangi. Waliivika vipande vidogo vya pembetatu vya jiwe la sabuni, jiwe la jamii ile ile wanayochonga Kisii, kwa sababu ni laini kukata na halipasuki ovyo kwa jua na mvua. Wanawake wa Rio waliojitolea walivibandika vipande hivyo kwenye vitambaa kabla havijapandishwa, na baadhi yao waliandika majina nyuma ya mawe.

Wazo hilo linaweza kuigwa Tanga bila kutafuta jiwe la sabuni. Vipande vya vigae vyeupe visivyonyonya maji, vikibandikwa kwa gundi ya vigae juu ya plasta iliyokwisha kukaa siku 28, huipa saruji koti ambalo chumvi hailipenyi kirahisi, na jumuiya zote zinaweza kushiriki kuvikata na kuvipanga. Kazi ni ndefu, lakini kwa sanamu ya mjini tunaiweka juu ya rangi yoyote.

Hata hivyo jiwe halikuiokoa na radi. Iliharibiwa mwaka 2008, na Januari 2014 ikavunjwa ncha ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Nasi tukiweka sanamu kileleni, kwa mfano kwenye vilima vya kuelekea Muheza, waya wa radi si pambo. Shaba ya milimita za mraba 50 ishuke kutoka kichwani na kutoka mikononi, taji la chuma liungwe nayo, na ardhini ipimwe ukinzani usiozidi omu 10. Kwenye mwamba wa matumbawe fimbo moja iliyochomekwa ardhini haifikii kipimo hicho. Chimbeni mtaro, lazeni shaba kwa urefu, mfukie kwa udongo wa mfinyanzi.

Mji wa Tanga wenyewe ni tambarare, na hilo hubadilisha mambo. Kule Almada, ng'ambo ya Lisbon, sanamu ya Kristo Mfalme ya mwaka 1959 ina mita 28 tu, jukwaa lake ni mita 82. Kimo kimetoka chini, si mwilini. Kwa fedha za parokia ya kawaida ni busara kuinua jukwaa kwa mita 1 kuliko kuongeza mwili kwa mita 1. Ila jukwaa likipanda, kichwa nacho kikuzwe kidogo na kuinamishwa mbele, la sivyo anayetazama kutoka chini ataona kidevu na matundu ya pua. Mwambieni fundi aweke mfano wa udongo wa sentimita 50 juu ya kabati na mkautazame mkiwa mmekaa sakafuni.

Mkataba

Huduma ya karakana nyingi ni nzuri mpaka malipo ya mwisho yatoke. Gaweni malipo kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi, kiunzi, ngozi, umaliziaji. Hatua ya kiunzi ndiyo ya thamani kuliko zote. Kabla saruji haijakandikwa, mjumbe mmoja wa kamati aje na rula, apime nondo za juu za mikono, ahesabu ringi, ahesabu tabaka za wavu, apige picha kila upande. Fundi mzuri hatakasirika. Mara nyingi ndiye anayeomba akaguliwe. Baki moja ya malipo, hata kama ni ndogo, isubiri mpaka masika moja ipite, na mkataba uandike hivyo tangu mwanzo ili isionekane ni dhuluma.

Kwa jukwaa na sehemu zilizojaa zege, chukueni sumaku kubwa ya spika iliyoharibika mkaipitishe taratibu. Ikinata, chuma kiko juu mno. Kwenye mwili wa wavu sumaku haitawasaidia, kwa sababu waya upo karibu siku zote. Hapo tumieni sarafu na masikio.

Rangi na matunzo

Rangi isipakwe kabla ya siku 28. Rangi ya mafuta juu ya saruji mbichi hugeuzwa kama sabuni na ukali wa saruji, kisha hubanduka kwa mapande. Rangi ya maji ya nje huvumilia na huacha mvuke utoke. Dhahabu ya unga wa shaba kwenye taji na pindo la kanzu hupendeza siku ya baraka, lakini kwa hewa ya bahari huwa nyeusi mapema. Kama dhahabu ni lazima, tumieni rangi ya njano iliyoiva, au vigae vya dhahabu.

Kila mwisho wa masika sanamu ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni ya unga na brashi laini, kuanzia kichwani. Viganja na mikunjo ya kanzu ndiko chumvi, ukungu na kinyesi cha kunguru hukusanyika. Dawa za kufanya nguo kuwa nyeupe zisitumike: zinang'arisha haraka, lakini zinaacha chumvi ndani ya saruji.

Ufa ukionekana na una rangi ya kahawia, msiuzibe kwa plasta. Chongeni saruji mpaka nyuma ya nondo ionekane, sentimita 2 zaidi ya chuma, na mfuate nondo kushoto na kulia hadi mkute chuma kisicho na kutu. Sugueni kwa brashi ya waya mpaka king'ae, pakeni siku hiyo hiyo rangi ya zinki au uji mzito wa saruji, kisha jazeni kwa mchanganyo ule ule wa awali na mmwagilie siku 7. Anayeziba juu juu anafungia kutu na unyevu ndani, na ufa utarudi ukiwa mpana zaidi. Ufa mwembamba usio na rangi unaweza kungoja msimu wa kiangazi.

Jambo dogo la kuagiza mapema, ambalo haligharimu kitu likifanywa wakati wa kiunzi: pete 2 za chuma kisichoshika kutu nyuma ya mabega, zimefungwa kwenye nondo za milimita 16. Mpiga rangi atafunga kamba ya usalama hapo, na parokia haitalazimika kusimamisha milunda upya kila inapotaka kuosha kichwa.